Kondoo Aliyechinjwa kwa Ajili Yangu

Watu wakinishukuru kwa kupigana vita vya Uganda, huwa nawajibu, "Tulikuwa wengi." Wanadhani ni unyenyekevu. Wengine hunisifu kwa huo unyenyekevu, na hapo ndipo hutamani ardhi ipasuke nitumbukie. Mimi nilikuwa mpishi. Bunduki nilipewa, lakini muda mwingi iliegemea magunia ya mchele, wala sikupata kumlenga mtu nayo.

Kijijini kwetu, huku Gorong'a, hakuna aliyelijua hilo. Niliporudi, nyumba zilikuwa bado zimepangwa mistari kama tulivyohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na mwenyekiti aliitisha mkutano mbele ya ghala. Tulikuwa tumeondoka wawili, nikarudi peke yangu. Mwenzangu aliuawa hata kabla hatujavuka mpaka. Mwenyekiti alisema kijiji kinanishukuru, watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa. Mpaka hapo sikuwa nimemdanganya mtu.

Mkutano ulipokwisha, wazee wakanivuta kando. Kwa Wakurya wa kwetu, aliyemwaga damu ya mtu hali chakula na wenzake mpaka atakaswe. Tena hajisifu, akiulizwa, hunyamaza. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe kijana, huko ulikotoka, mikono yako iko namna gani?"

Ningeweza kumjibu, "Mzee, inanuka vitunguu," yakaisha. Lakini niliwatazama vijana wa rika langu waliosimama karibu, watu tuliotahiriwa nao siku moja, nikaona nitachekwa mpaka uzeeni: Mkurya kaenda vitani na upawa. Nikanyamaza. Wakauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu, nami nilijua watauchukua hivyo.

Kondoo wa kunitakasa alitolewa na mama wa yule mwenzangu. Alikuwa mjane, na kondoo alikuwa naye huyo mmoja tu. Hakuna aliyemwomba. Alisema aliyemlipizia kisasi mwanawe asikae akila peke yake kama mbwa. Wazee wakamchinja kondoo huyo, wakanipaka majani ya tumboni mwake mikononi na kifuani, kisha nikala nyama pamoja na wazee. Niliona aibu kila tonge, na bado nililamba vidole.

Kesho yake asubuhi mama yule akaja kwangu na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukushukuru mwenyewe. Ile ya jana ilikuwa ya wazee." Akaketi kwenye kigoda, akaniangalia. "Huyo uliyemuua, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilidhani anataka kufurahi, na kwa kuwa nilikwisha kuyavulia maji nguo, nikaona heri niyaoge. Nilitafuta sura ya adui, ikanijia moja tu: ya mtu aliyekuwa akituuzia ndizi jikoni kule Uganda, mrefu, mwenye pengo mbele, anayecheka kabla hajamaliza maneno yake. Nikampa mama sura hiyo, pengo na yote. Nikaongeza kwamba alikuwa kama wa rika letu.

Mama akauliza, "Alikuwa na mama?"

"Sijui, mama," nikasema. Nilijua. Ndizi zile zilitoka shambani kwa mama yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, yule alikuwa adui. Akasema, "Niache, mwanangu. Mimi na huyo mama sasa tumekuwa mtu mmoja." Akajifuta kwa khanga, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru tena, akaenda zake.

Sikumfuata. Njia ilikuwa fupi, ningemkuta hata kwa kutembea polepole. Nilikunywa maziwa.

Tangu hapo, kila Jumapili kanisani, alipokwisha kumwombea mwanawe, alimwombea pia mwanamke mmoja wa Uganda aliyefiwa na kijana mwenye pengo. Alifanya hivyo miaka yote mpaka alipokufa. Mimi nilikaa benchi la nyuma yake, nikaitikia amina.