Bi Mkubwa Hakuzimwa

Kila Jumamosi alasiri, nyuma ya gereji moja mjini Kilifi, maopereta wazee hukutana kunywa kahawa na kuzisengenya mashine walizowahi kuendesha. Kila mmoja ana yake. Yupo aliyeendesha tinga lisilo na breki, akawa analisimamisha kwa kuangusha ndoo ya mbele na kulima lami ya serikali. Yupo aliyekalia kreti ya soda miaka minne kwa kuwa kiti kilioza. Mwaura, aliyeshuka pwani kutoka Murang'a akiwa kijana na sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi, husimulia jinsi miguu ya chuma ya kuegemeza mashine yake ilivyokuwa ikivuja mafuta: asubuhi alianza kuchimba ameketi wima, kufika adhuhuri amelala upande kama mgonjwa.

"Yako angalau ilikuwa na miguu," mmoja humjibu. "Yangu ilisimama kwa imani."

Wakishacheka humgeukia Ziro, maana yeye ndiye aliyeendesha kongwe kuliko zote, ile mashine ya kuchimbia, ya manjano, ya machimbo ya mawe kule Junju waliyoiita Bi Mkubwa.

"Kadii, mkeo wa ndoa, alikuwa mke wa pili," Mwaura husema. "Usibishe, mzee. Kila asubuhi ulimwamkia nani kwanza?"

Ziro huupokea utani, kisha husimulia. Stata ya Bi Mkubwa, ile mota ya kuwashia injini, haikuitika kwa ufunguo, na betri yake ilikuwa imekufa zamani. Alfajiri lori la mawe lilipofika, waliunga nyaya kwenye betri ya lori, Ziro akagusanisha vyuma viwili kwa bisibisi, cheche zikaruka, na mashine ikakohoa moshi mweusi mpaka ikakubali. Lori likapakiwa, likaenda zake. Kuanzia hapo injini haikuzimwa mpaka jioni. Alikula ikinguruma. Aliomba kimoyomoyo ikinguruma. Joram, mwenye machimbo, alimwambia siku ya kwanza: ukiizima mchana, umeniulia siku. Kwa miaka tisa Ziro hakuizima mchana hata mara moja, na wenzake wakisikia hivyo humpigia makofi.

Hapo ndipo huishia. Wakati wa makofi Mwaura hutazama ndani ya kikombe chake, kwa sababu kati ya wote walioketi pale, yaliyobaki wanayajua wao wawili tu.

Ulikuwa mwezi wa Mei, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Okoth, mkata mawe kutoka Siaya, alikuwa chini ya ukuta wa shimo, nyundo mkononi, akitafuta ufa wa kuanzia. Juu ya mwamba kulikuwa na udongo mwekundu uliokwisha kunywa maji ukashiba. Ziro alikuwa upande wa pili akiondoa kifusi. Hakusikia kitu, maana juu ya kiti kile husikii kitu. Aliona tu watu wakikimbia, na alipogeuka, pale aliposimama Okoth palikuwa na mteremko wa udongo, laini, kana kwamba ulikuwepo tangu zamani.

Aliipeleka mashine mbio. Alijua kazi yake. Viganja vyake viliweza kutambua, kupitia vishikio vile vilivyolegea, meno ya ndoo yanapogusa udongo na yanapogusa jiwe. Akaanza kumenya tabaka kwa tabaka pale udongo uliporundikana zaidi, ambapo kila mmoja alisema ndipo alipokuwa.

Mwaura, aliyekuwa akipokezana naye zamu, alilala kifudifudi juu ya rundo na sikio lake chini. Kisha akainua mkono, akaja hadi kwenye kiti na kumpigia kelele sikioni.

"Zima kidogo, tusikilize."

Ziro alitikisa kichwa. Lori lilikuwa njiani kwenda Mtwapa. Akizima, Bi Mkubwa hatawaka tena mpaka lirudi, na mlima wote ule utabaki kwa majembe ya watu wanane. Aliwaza hivyo kwa muda wa kupepesa jicho, na akaona amewaza vizuri. Mwaura akaomba mara ya pili, na ya tatu. Mwishowe akashika sepetu.

Walimpata baada ya karibu saa mbili, hatua sita kushoto mwa pale Ziro alipokuwa akichimba. Jiwe pana lilikuwa limemwegemea likamwachia nafasi kama ya mtu aliyejilaza chini ya meza. Hakupondeka. Hakuwa akipumua tena, lakini shingo yake ilikuwa bado na joto. Nyundo ilikuwa mkononi, na kwenye lile jiwe, karibu na uso wake, palikuwa na alama nyeupe, mpya, moja juu ya nyingine.

Ziro aliziona. Mwaura aliziona. Mwili ulipokwisha kuondolewa, Ziro alipanda tena kwenye kiti, akalinyanyua jiwe kwa ndoo, akalilaza kifudifudi kwenye kifusi na kulifunika.

Joram alimwambia mjane kwamba mumewe alikufa papo hapo, hakuteseka. Na mjane, Trizah, akavishika viganja vya Ziro, akamshukuru kwa kumtolea mwili wa mtu wake ukiwa mzima, wenye uso wa kutazamika. Amemshukuru hivyo tangu siku ile, miaka na miaka, akikutana naye njiani au sokoni. Kila Pasaka humpelekea Kadii samaki. Kadii hula, Ziro husema tumbo linamsumbua.

Mwaka huu Trizah aliamua kurudi Siaya moja kwa moja. Alimpigia Ziro simu kumwambia kwamba Jumapili kanisani Junju kutakuwa na maombi ya kumkumbuka Okoth na kumuaga yeye. Vivian, bintiye, atakuja na mdogo wake wa kiume. Walikuwa wadogo baba yao alipofariki. Trizah alitaka Ziro asimame awaeleze jinsi alivyomtoa.

Jumatano, Ziro alimfuata Mwaura nyumbani kwake kumtaka ushauri.

"Simama, sema maneno mawili, uketi," Mwaura alisema. "Mama wa watu anaondoka na amani yake. Ukimwambia, wewe utalala na yeye atakesha. Hiyo ndiyo haki?"

"Na wakinipigia makofi?"

Mwaura alichukua birika. Alimmiminia chai, na chai ikapoa.

Ijumaa asubuhi Ziro alishuka Junju. Alimkuta Trizah uani akifunga masufuria kwenye gunia.

"Shikamoo, mzee. Karibu. Viti vyote nimeshagawa, utakalia ndoo."

"Marahaba, mama Vivian."

Aliketi. Hakuuliza habari za safari. Alijua akianza na habari za safari atamalizia hapo hapo, arudi Kilifi.

"Okoth hakufa papo hapo," alisema.

Trizah aliendelea kukaza kamba. Ziro akamweleza yote, bila kuruka: stata, lori, Mwaura akiwa na sikio chini, mara tatu alizoombwa azime, hatua sita, zile alama. Alipofika kwenye jiwe alilolilaza kifudifudi, mikono ya Trizah ilikuwa imesimama.

"Alama ngapi?"

"Nyingi."

"Hukuzihesabu."

"Sikuzihesabu."

"Aligonga kwa muda gani?"

"Sijui, mama. Ningezima ningejua."

Trizah alivuta gunia, akaliketia. Alitazama miguu yake. Kuku wa jirani aliingia, akadonoa karibu na kamba, akatoka. Ziro alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

"Mimi nilikuwa nikiwaambia watoto kwamba baba yao alilala tu," Trizah alisema mwishowe. "Kijana akawa ananiuliza, kwani hakujaribu kutoka? Hakutuwaza? Nikamwambia hakupata nafasi."

"Nisamehe."

"Sijafika huko." Hakuinua sauti. "Jumapili njoo. Na usiseme ulimtoa. Sema alikuwa anagonga, na wewe hukuzima."

"Mbele ya watoto?"

"Ni baba yao."

Ziro aliinuka. Alitaka kumsaidia kusogeza gunia, akainama, lakini Trizah alilishika kwa mikono miwili, akasema atalisogeza mwenyewe.

Jumapili alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Kadii, aliyekuwa hajui chochote na aliyejipamba kwa ajili ya mumewe kusifiwa. Walikaa safu ya tatu. Mwaura alikuwa mlangoni. Alimtazama Ziro mara moja, akajua atasema yote. Jina la Ziro lilipotajwa, watu walianza kupiga makofi kabla hajafika mbele. Vivian naye alipiga, akitabasamu. Ziro alisubiri yaishe. Yalichukua muda.

"Baba yenu alikuwa hai," akaanza.