Ile Leza ya Kufukuza Ndovu

Nakumbuka Jumamosi ile tuliyomzika mke wangu, mwanangu, kwa sababu mchungaji alimwita mtoto wa marehemu aje atupe udongo, na hakuna aliyesogea. Mwakio, mtoto wetu wa pekee, alikuwa gerezani. Nakuandikia wewe kijana, ingawa si wangu wa kuzaa, ujue alifikaje huko.

Shamba letu liko upande wa Ndara, na ndovu huja giza likianza kuingia. Mke wangu alikuwa akiwafukuza kwa kugonga debe. Mimi nikanunua leza, ile tochi ndogo ya mwanga wa kijani, nikampa Mwakio. Siku moja alimmulika nayo jirani yetu machoni, ng'ambo ya ua. Mzee wa watu akajikwaa, akashika uso, akatukana kwa Kidawida, lugha yetu, mpaka mbuzi wakanyamaza. Nilicheka. Mke wangu hakucheka.

"Baba Mwakio, wewe ndiye wa kumkanya, na ndiye unacheka? Akizoea je?"

"Ni mchezo tu, mama."

Alizoea. Maandamano ya kuipinga serikali yalipofika mjini Voi, vijana walikuwa na hasira, na mengi waliyosema yalikuwa kweli. Sitakuficha hilo. Lakini jioni, polisi walipojipanga barabarani, Mwakio alimmulika mmoja wao machoni, kisha akarudia. Walimkamata leza ikiwa mkononi. Yule askari naye alikuwa kijana wa rika lake, na mpaka siku ya kesi jicho lake moja lilikuwa halijapona.

Mwakio alishtakiwa kwa kumshambulia afisa wa polisi akiwa kazini. Tulishangaa. Hakurusha jiwe, hakumgusa mtu. Nilienda kortini kumtetea, nikaeleza habari za ndovu, wakanisikiliza vizuri. Kisha kiongozi wa mashtaka akaniuliza swali moja.

"Mzee, mwanao alijua mwanga huo unaumiza macho ya mtu?"

Ndugu zangu walikuwa wameniambia nikiulizwa hivyo nikatae. Nilimtazama Mwakio. Nikamkumbuka jirani yetu ameshika uso.

"Alijua," nikasema. "Na mimi nilijua."

Hakimu alisema si lazima mkono umguse mtu ndipo iitwe shambulio. Akampa miaka miwili. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliacha tu kula vizuri, na presha ikamchukua kabla mwaka haujaisha.

Mwanangu, kama una la kuiambia serikali, liseme kwa mdomo wako, mchana, uso wako ukionekana. Usimmulike mtu machoni, awe polisi, awe dereva, awe jirani. Ukishafika kizimbani, kusema ulikuwa unacheza hakukusaidii. Na ukija kuwa mzazi, usicheke pale nilipocheka mimi. Mungu akulindie macho yako. Na siku ya kumzika mama yako ikifika, akujalie uwe huru, uwepo, ushike udongo kwa mkono wako mwenyewe.

Wiki jana nilimtembelea Mwakio.

"Baba, ndovu bado wanakuja?"

"Wanakuja."

"Debe la mama anagonga nani?"

"Nagonga mimi," nikamwambia.

Askari jela akasema muda umeisha.