Herufi Moja Chini ya Jina la Rais

Nakumbuka alasiri moja, Mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia huusimamisha mkono wangu juu ya karatasi. Ilikuwa miaka ya chama kimoja. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Lubumbashi, mwenye Kifaransa kingi na busara haba.

Mtaani kwetu Kampemba, Papa Kabeya, seremala aliyetoka Kasai, alifundisha kwaya yetu. Alama za muziki alizipata kwa mapadri, nyingi za Kiitaliano, wala hakututafsiria hata moja. Penye piano aliteremsha kiganja, tukapunguza sauti. Penye forte alikaza ngumi. Penye morendo alifumba vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, na sauti zetu zikafifia mpaka zikatoweka. Tulimwelewa vizuri kabisa.

Mimi niliuona huo ni ujinga. Siku ambayo mjumbe wa chama alikuja kusikiliza wimbo wa kumsifu Rais, niliwahi na kamusi ya maktaba. Nikaandika maneno ya wimbo ubaoni, na chini ya kila alama nikaweka maana yake. Piano: chinichini. Forte: kwa nguvu. Mstari wa mwisho ulikuwa jina la Rais peke yake, na alama yake ilikuwa morendo. Kamusi ilisema neno hilo linatokana na kufa. Nikaandika chini ya jina, kwa herufi kubwa: ANAKUFA.

Mjumbe aliusoma ubao mara mbili.

“Citoyen Kabeya, Rais eko anakufa?” aliuliza, kwa lile neno la “raia” ambalo chama kilitaka tuitane.

“Hapana, Citoyen. Ni neno ya muziki.”

“Muziki ya kuua Rais? Nani aliandika?”

Chaki ilikuwa mkononi mwangu, nimeificha mgongoni. Nilifungua kinywa; hakikutoka kitu.

“Ni miye,” alisema Papa Kabeya. “Miye njo niliandika.”

Mjumbe na vijana aliokuja nao walimchukua hapo hapo, mbele ya mkewe aliyekuwa safu ya kwanza ya waimbaji. Hakuna aliyelia. Tulisimama tumeshika karatasi zetu, kana kwamba wimbo ungeanza. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuondolewa chumbani kwa neno moja, tena neno la mwingine.

Alirudi siku ya nne. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Nilipiga magoti mbele yake.

“Mutoto yangu, ni sauti njo inakufa. Weye uliandika anakufa. Ile A ni ya muntu.” Kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo ndilo lililoniumiza zaidi. “Na ile siku, ni weye mwenyewe uliimba morendo muzuri kupita bote.”

Papa Kabeya hakuongoza tena kwaya. Wala randa hakuishika vizuri tena.

Mwanangu, ukifasiri neno la watu wengine, uliza kwanza linamhusu nani, na litasomwa na nani. Kamusi haitakwambia hayo. Lakini kukosea herufi kunasameheka; mimi nilikosea zaidi niliponyamaza. Jambo likiwa lako, liseme ni lako kabla mwenye huruma hajalibeba.

Mungu akujalie sauti isiyofifia siku utakapoulizwa, na aulaze pema mkono ule uliojibu kwa ajili yangu.