Weupe Aliozaliwa Nao

Binti yangu wa kwanza alizaliwa saa nne asubuhi, mzima, analia vizuri, na mwili wake wote umefunikwa na weupe. Nesi alimweka kifuani kwangu nikauona ule utando, mzito kama siagi, umejaa mgongoni, kwapani na kwenye makunjo ya mapaja. Akina mama wengine huanza kwa kuhesabu vidole. Mimi nilitazama ule weupe na moyo ukanilipuka.

Kwetu wanawake tunajua maana yake, au tunajiona tunajua. Tangu nikiwa msichana nimesikia wakisema kwamba mtoto akitoka na uchafu ule, mama yake hakuwa na subira, amelala na mwanamume mpaka miezi ya mwisho, na kinachoonekana kwa mtoto ni mbegu za huyo mwanamume. Mwenye mume ndani hutaniwa tu, "Nyie hamkupumzika?", watu wakacheka, yakaisha. Ila mume wangu hakuwa ndani. Ni fundi seremala, na mimba yangu ilipofika miezi mitano kazi zilikauka pale Keko, akaenda Mtwara kutengeneza milango ya majengo mapya. Hakurudi hata siku moja. Mtaa mzima ulijua, na mama mkwe, aliyetoka Madale kuja kunisubiri nijifungue, alijua kuliko wote.

Nesi alikuwa mdogo kwangu kwa umri, na mpole. "Mama, huu usiufute," akaniambia. "Haya ndo mafuta aliyokuja nayo, yanalinda ngozi yake, yanamkinga na baridi. Mfunike tu, kuoga mpaka kesho." Nikaitikia sawa. Nilimwelewa kila neno. Nalisema hili kwa sababu wachache niliowasimulia hunihurumia, wanadhani sikuambiwa.

Alipokwenda kwa mzazi mwingine nikachukua pindo la kanga, nikalilowesha kwa maji ya chupa, nikaanza kusugua. Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia. Nilianza na uso, nikashuka shingoni, nikageukia mgongo. Utando ule hautoki kirahisi, unateleza, unahama kutoka hapa kwenda pale. Nikakaza mkono. Mtoto akalia kilio chembamba cha kukatikakatika, ambacho sijakisikia tena kwa mtoto yeyote, nami namwambia nyamaza mama, nyamaza, nakusafisha. Shingoni ngozi ikachubuka. Kwapani ikaanza kutoa majimaji. Nilikuwa naona, na niliendelea.

Mama mkwe akaingia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akampokea mjukuu wake kwa bismillahi. Kisha akamfunua amtazame, kama bibi yeyote. Kwenye makunjo ya mapaja, ambako sikuwahi kufika, weupe ulikuwa umebaki, na si kidogo. Akamfunika tena, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi baba yake aliondoka mimba ina miezi mingapi vile?"

"Mitano, mama."

"Ee. Nilikuwa nimesahau."

Hakuwa amesahau. Ningeweza kumwita nesi palepale amweleze. Lakini hakuna aliyekuwa amenishtaki kwa lolote, na niliona nikianza kujitetea nitakuwa nimekiri. Nikanyamaza. Ni ujinga, najua, na nimekwisha kujitukana kwa ajili yake mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote atakavyoweza kunitukana.

Jioni mtoto akawa wa baridi. Nesi alipomfunua na kuiona ile shingo alinitazama tu. Tulikaa wodini siku sita. Vidonda vya shingoni vikatunga usaha, akawa anachomwa sindano asubuhi na jioni, kamguu kenyewe hakana hata pa kuchoma. Nesi alinifundisha namna ya kumtunza ngozi: maji ya vuguvugu bila sabuni, kukausha kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua, na nisimwagie poda kwenye makunjo. Nilifuata yote. Nilikuwa na utii mwingi sana wakati ule, ulipokuwa haunisaidii tena kitu.

Nyumbani mama mkwe alinihudumia siku arobaini zote. Alinipikia uji wa pilipili manga, alinikanda kwa maji ya moto, na mtoto alimpaka mafuta ya nazi kwa ncha za vidole kana kwamba anaogopa kumwamsha. Habari ya weupe hakuitaja tena. Nikashukuru. Nikasema huyu mama ana moyo, ameamua kuyafukia.

Mume wangu alirudi mtoto ana miezi mitatu. Alimbeba akiwa amevishwa nguo zote, mikono ameinyoosha mbele, akamrudisha kwangu upesi. Nikajisemea ni ile mikono ya seremala, imejaa sugu, anahofia kumkwaruza. Miezi ikapita, mtoto akakaa, akasimama, akatembea, na baba yake hajawahi kumwogesha wala kumpaka mafuta hata mara moja. Majirani niliwaambia baba huyu ni mwoga wa watoto wachanga. Tulicheka naye akiwepo, na yeye akacheka.

Mama mkwe alifariki binti akiwa na miaka miwili. Mimba ya pili iliingia mwaka uliofuata, na safari hii mume alikuwa nyumbani muda wote. Ilipofika miezi sita nilianza kumkatalia. Nilimwambia mgongo unauma. Ukweli ni kwamba niliogopa ule weupe. Nimeelezwa na nesi, nimeona kwa macho yangu, na bado niliogopa, na nilijidharau kwa kuogopa. Hakubishana. Alitandika mkeka chini akawa analala huko.

Mimba ikapitiliza wiki mbili. Mtoto wa kiume akatoka mkavu, hana utando hata chembe, nyayo na viganja vinabanduka. Nesi wa safari hii akanieleza kwamba mtoto akipitiliza mafuta yake huishia tumboni, kwa hiyo nimpake kidogo na ile ngozi niiache ibanduke yenyewe.

Mume wangu akaingia wodini. Huyu alimchukua bila kuambiwa, akamlaza kifuani pake, akafunua kanga. Alipitisha kidole mgongoni, kwapani, kwenye makunjo ya mapaja, polepole, na kile kidole chake chenye sugu hakikumtia hofu yoyote. Nilifurahi kumwona vile. Kisha, bila kunitazama, akauliza.

"Mbona huyu hana ule weupe?"

Sikuwahi kumwambia habari ya weupe. Miaka minne, hata neno moja. Nilimtazama pale alipo na mtoto kifuani, nikaikumbuka ile mikono iliyonyooshwa mbele, na uoga wake niliokuwa nikiwachekesha nao majirani, naye anacheka pamoja nasi.

Nikamwambia nesi yupo hapo mlangoni, amuulize, atamweleza vizuri.

"Hakuna haja," akasema, akamfunika mwanawe.