Mkimbizi Hajanywa Maji

Yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, anasoma sheria chuoni Kasongo, na mwaka jana somo moja tu lilimwangusha: sheria ya wakimbizi na wahamiaji. Nilicheka mpaka nikakohoa. Familia yetu imekimbia mara nyingi kuliko ilivyokwenda kanisani, halafu mtoto wake wa kwanza kuingia chuo anashindwa na somo la kukimbia!

Papa, baba yetu, hakucheka. Alipiga simu kutoka kwetu Kabambare: "Iko sesheni ya pili ya mtihani. Ukianguka tena, rudi nyumbani. Jembe haliulizi diploma." Papa akiwa na furaha hupiga kelele. Siku ile alisema polepole, na yaya akakaa na simu mkononi hata baada ya kukatika.

Likizo tukapanda pikipiki kwenda Kabambare, yeye na silabusi yake, kijitabu cha somo lile, mimi nyuma yake, maana naishi naye Kasongo kwa ajili ya sekondari. Kila mchana aliweka meza kando ya jiko, akakaa kama afisa wa mpakani. Mimi nilikuwa mkimbizi.

"Kwa nini umekimbia nchi yako?"

"Mbuzi wa prefe, mkuu wa shule yetu, anataka kuniua."

"Una ushahidi?"

Nikageuka, nikamwonyesha suruali yangu ilivyopasuka nyuma. Akanirushia silabusi. Siku ya tatu alinifukuza kazi ya ukimbizi, akamchukua koko, mama yake papa. Huyo alikimbia kweli, wakati wa vita, akiwa na watoto, sufuria kichwani.

"Mama, kwa nini umekimbia?" Yaya aliuliza kwa sauti ya serikali.

Koko akatabasamu vizuri. "Aa, hakuna kitu, mwanangu. Nimekuja kuwasalimu tu."

"Koko! Sema ukweli!"

"Habari za hapa? Watoto hawajambo?"

Yaya akaandika: ombi limekataliwa. Nikagaagaa chini. "Koko amefukuzwa nchini! Koko, chukua sufuria yako!"

Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo. Koko akanywa maji, akanawa mikono, akanyoosha miguu. Ndipo akaanza, bila kuulizwa: moshi upande wa mto, mlango aliouacha wazi, jirani aliyerudi kuchukua kuku na hakuonekana tena.

"Sasa mchana mbona ulinidanganya?" yaya akauliza.

"Nani amekudanganya? Umeniuliza habari ya msiba mlangoni, sijapewa hata maji. Mimi ni mutu bila adabu?"

Hapo koko alikuwa na haki. Kwetu mgeni hafungui mzigo wake mlangoni. Hata aliyefiwa husema kwanza amekuja kusalimia. Anapewa kiti, anapewa maji, anakula, halafu maneno yanatoka yenyewe. Yaya hakuandika kitu. Mimi ndiye niliyefurahi: wiki nzima, kila aliponituma dukani, nilimjibu kwamba sijanywa maji.

Siku ya mtihani wa mdomo, Kasongo, nilijibanza nje ya ukumbi, jicho kwenye tundu la matofali. Profesa, mzee mmoja aliyetoka mbali kuja kufundisha, alimsomea kesi. Mwanamke amevuka mpaka. Siku ya kwanza anamwambia afisa kwamba amekuja kuwasalimu wakwe. Siku ya tatu anasema kijiji chake kimechomwa. Afisa amemkataa kwa sababu ni mwongo. "Wewe ndiye jaji wa rufaa. Unasemaje?"

Yaya akatazama dari. Nikahesabu matofali. Nikaona jembe, nikaona papa anavyosema polepole, na kwa mara ya kwanza nikajutia ule mzaha wa mbuzi wa prefe.

"Profesa," yaya akasema, "siku ile ya kwanza, walikuwa wamempa chakula?"

Mzee akavua miwani. "Chakula kinaingiaje katika sheria?"

Yaya akamweleza kinavyoingia. Alieleza desturi yetu yote, kisha akarudi kwenye silabusi: neno lililochelewa si lazima liwe uongo, afisa ana kazi ya kumsaidia mtu aeleze, na mashaka yakibaki, yamsaidie anayeomba hifadhi. Mzee aliandika muda mrefu.

Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwamo. Nilimmwagia kopo zima la poda kichwani, kama anavyofanyiwa kila anayepita mtihani, tukapanda pikipiki hapohapo, maana mtandao wa Kabambare ulikuwa umekufa na simu haziingii. Njiani mvua ilitupiga. Tulisukuma pikipiki kwenye matope mara nne. Tulipofika, yaya hakuwa na hata chembe ya poda. Alikuwa mwekundu wa matope kuanzia nywele hadi viatu.

Papa alitutazama kichwani kabla ya kututazama usoni. Hakuona weupe. Mabega yake yakashuka.

"Ee, mwanangu, mtihani..."

"Wewe!" koko akamkatiza. "Wamefika sasa hivi. Lete maji."

"Habari za Kasongo?" papa akauliza, polepole.

"Nzuri, papa. Tumekuja kuwasalimu tu," yaya akajibu, uso mkavu kabisa.

Sijawahi kuteseka hivyo. Tulikunywa maji. Tulinawa. Tulikula bugali lote, na neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Papa alikuwa anafinyanga tonge lilelile, halifiki mdomoni.

Koko akasogeza sahani. "Haya. Sema."

"Nimepita."

Papa akaruka juu, akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Koko hakuwa na poda. Aliingiza mkono kwenye unga wa muhogo, akammwagia yaya kichwani, na juu ya yale matope yaya akawa kama samaki anayesubiri mafuta. Wote tukacheka, yaya akilia.

Kisha papa akanigeukia.

"Na wewe, mwenye mdomo mrefu, ulikuwa unajua?"

"Papa," nikamwambia, "nilikuwa bado nakula."