Mfuniko wa Shaba ya Amerika

Abigaïl wa Kavimvira alikuwa na ulimi wa kuwauzia samaki mvua. Aliposhuka kutoka milima ya juu, ng'ombe wake wakiwa wameisha, alibeba vitu viwili tu: ulimi huo, na icansi, chombo cha mti cha maziwa alichoachiwa na mama yake. Sasa binti yake wa mwisho, Igiraneza, alikuwa anaolewa Luberizi, na maziwa ya kwanza ya arusi yangemiminwa kutoka chombo hicho, mbele ya wakwe wote. Kwa watu wa ng'ombe, hapo ndipo mama anapopimwa. Nguo utaazima, viti utaazima, lakini maziwa yakinuka, hata wajukuu ambao hawajazaliwa watachekwa.

Basi mwanawe Gakunzi akatuma kutoka Amerika soksi iliyojaa sarafu nyekundu za senti moja. Wabadilisha pesa wa mpakani walizikataa. Dola yenyewe ikichanika kidogo hawaishiki, sembuse chuma!

"Muache," Abigaïl akawaambia. "Nyinyi munajua karatasi. Shaba hamuijui."

Akazipeleka kwa Selemani, fundi wa bangili, ambaye babu zake walifika ziwani na biashara, na kujisifu pia wakaja nako. Akamwomba atoboe kila moja, azishone kuzunguka mfuniko wa chombo, ule wa kusukwa kwa nyasi. Selemani akaanza. Vumbi lililotoka tunduni lilikuwa jeupe. Akasimamisha mkono.

"Mama Gakunzi, ona. Inje iko nyekundu, ndani iko nyeupe."

"Weye! Si ni feza hiyo! Wamerika wanaficha feza ndani ya shaba ili wezi wasijue."

Selemani akakuna kichwa. Maneno yalikuwa matamu na kazi ilikuwa kazi. Akaendelea kutoboa.

Kabla jua halijazama, Kavimvira nzima ilijua habari ya feza. Ilipofika sokoni, feza ilikuwa imeshakuwa dhahabu. Na Apollinarie, mama ya bwana-arusi, akapigiwa simu na Abigaïl huko huko Luberizi: "Bamwana, mkwe mwenzangu, jiandae. Mfuniko wangu ukipita, ng'ombe zako zitafikiri kumekucha."

Abigaïl akaweka maziwa ya kugandisha ndani ya chombo, ili kizoee, akafunika. Siku zikapita, sarafu zikaota vipele. Ndiyo, vipele! Shaba ilivimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Ukibonyeza, kipele kinapasuka na unga mweupe unamwagika. Pembeni ya matundu kukawa na weusi. Abigaïl akafanya kile ambacho kila mwanamke hufanya shaba yake ikichafuka: ndimu na chumvi. Akasugua mpaka kucha zikalia. Matundu yakatoa povu, naye akafurahi, akidhani uchafu unakimbia. Akalowesha mfuniko mzima ndani ya beseni la ndimu, akauacha mpaka kesho yake.

Alipoutoa, sarafu nyingine zilikuwa maganda matupu, ngozi nyekundu bila nyama. Moja aliipuliza tu, ikaruka ikavuka hadi Burundi, na watu wa duane, wale wa ushuru wa mpakani, hawakuiona. Akaonja maziwa. Uso ukamkunjika kama amelamba msumari. Unga ule ulikuwa umepenya nyasi na kuanguka ndani.

Akatoka mbio na mfuniko mkononi.

"Selemani! Umekula sarafu za mwana wangu, ukanishonea maganda!"

"Minye? Nani atakula senti ambayo hata mubadilisha pesa ameitapika?"

"Basi mukono yako iko na sumu!"

Selemani akachukua kisu. Akakamua ndimu ndani ya glasi mbili. Katika moja akatia sarafu nzima iliyobaki ndani ya soksi aliyoachiwa, katika nyingine sarafu yenye tundu. Ile nzima ikatulia. Ile ya tundu ikachemka bila moto.

"Ona, mama. Shaba ni ngozi tu. Nyama yake ni zinki, ile wanayopaka mabati. Nilitoboa ngozi, weye ukamwanga ndimu ndani ya kidonda."

"Ulijua?"

"Nilijua iko nyeupe. Feza uliisema weye."

Abigaïl akausukuma mfuniko mezani.

"Basi nishonee zile nzima, bila tundu. Zishike na waya."

Selemani akamwaga soksi juu ya meza. Hata sarafu ambazo hazijaguswa, kadhaa zilikuwa na vipele. "Hizi zilizaliwa na ngozi mbaya," akasema. "Zitapasuka zenyewe. Na arusi ni kesho kutwa."

Abigaïl akarudi nyumbani akazifumua zile za mfuniko moja moja, akiitukana kila moja kwa jina la Amerika. Chombo akakiosha kwa maji ya moto, akakifukiza moshi mpaka kikanukia. Lakini mfuniko ulibaki na madoa meusi na ya kijani upande wa juu. Akasugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni, hakuna kitu. Kusuka mwingine ni kazi ya majuma. Akaugeuza: upande safi juu, madoa chini. Ulipendeza! Akatia maziwa kidogo kujaribu, akatikisa, akaonja. Msumari ule ule.

Akakaa chini. Akamfokea kuku, akamfokea Igiraneza aliyekuja kuuliza tu kama amekula. Kisha akamwaga maziwa, akafukiza chombo upya, akaugeuza mfuniko tena, upande safi chini.

Hivyo ndivyo alivyoingia uwanjani Luberizi, madoa yote juu, yakitazamwa na kila mwenye macho.

"Bamwana!" Apollinarie akapaza sauti. "Feza iko wapi? Minye naona upele!"

Watu wakacheka.

"Ningekugeuzia upande wa kupendeza ukaangalia," Abigaïl akasema, "halafu ukanywa upele huu. Chagua, bamwana: macho ama tumbo."

Apollinarie akapokea kikombe. Akanywa taratibu, akanywa tena, akakirudisha kijazwe.

"Maziwa ni mazuri," akatangaza. "Lakini ule mfuniko, mama wee!"

Wakacheka upya, hata mchungaji wa kanisa. Abigaïl akawamiminia wote, meno ameyauma, mpaka chombo kikakauka.