Pasi ya Wati Mia Nane na Themanini

Mama aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu alikuwa akiwapigia watu pasi nguo zao. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana Sitwayeni, yaani raia, na mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya sekondari hapa Kalemie. Mume wake alikuwa mvuvi kutoka upande wa kaskazini wa ziwa, mtu wa maneno machache.

Siku moja Mama alinijia na pasi yake ya umeme, ameifunga katika kitenge.

"Mwalimu, hii pasi inaniuma vidole. Haiunguzi, hapana. Inauma kama siafu. Iko na ugonjwa gani?"

Nilifurahi kuulizwa. Niliazima vipimo vya shule, nikaviunga na pasi juu ya meza yangu. Sindano ya kwanza ilisimama kwenye volti 220, ya pili kwenye ampere nne. Nikaandika kwenye karatasi huku nikimweleza kama mwanafunzi: volti ukizigawa kwa ampere unapata ukinzani, yaani kiasi ambacho waya wa ndani unauzuia umeme. 220 kwa 4, omu 55. Ukizizidisha unapata nguvu: wati 880. Nikaigeuza pasi. Kiwanda kilikuwa kimeandika wati 900. Karibu sawa.

"Pasi ni nzima, Mama. Hesabu haidanganyi."

"Aksanti, Mwalimu," akasema, akaifunga tena pasi yake, akaenda.

Majuma mawili baadaye mvua kubwa ilinyesha asubuhi, maji yakaingia mpaka barazani kwake. Mchana alikuwa amesimama miguu mitupu kwenye udongo uliolowa, akipiga pasi mashati. Tulisikia sauti fupi tu. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumlaza kwenye mkeka. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na alama nyeusi. Niliiona, nikajua.

Wengine waliona jambo jingine. Siku iliyotangulia Mama alikuwa amegombana na jirani yetu, mjane mzee, Mtabwa wa kutoka Moba, kwa sababu ya kuku walioingia katika muhogo ulioanikwa. Mjane alikuwa amesema, "Utaona." Basi pale kilioni neno likaanza kupita kutoka mkeka hadi mkeka: ni radi. Radi ya kutumwa kwa uchawi.

Nilikaa kwenye kilio siku mbili, ile karatasi ya hesabu imo mfukoni. Kila nilipotaka kusimama niseme, nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitabasamu nilipoiandika. Siku ya pili vijana wa ukoo wa mume walirusha mawe juu ya mabati ya mjane. Siku ya tatu, kulipokucha, mlango wake ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Alikuwa amekwenda Kabimba kwa kaka yake.

Ndipo nilipomwendea mume.

"Papa, siyo ule mama muzee. Ni pasi njo ilimuua. Na mimi njo nilisema iko muzima."

Niliomba pasi, nikaiunganisha na umeme mbele yake, bila kuigusa. Safari hii niliweka waya mmoja wa kipimo kwenye chuma cha pasi, na mwingine kwenye udongo uliolowa. Sindano iliruka mpaka volti 190. Baadaye tuliifungua: ndani, kinga ya waya ilikuwa imelika na waya uligusa chuma. Nikamweleza kwamba mwili mkavu una ukinzani mkubwa, lakini mwili uliolowa una labda omu elfu moja. 190 kwa elfu moja haifiki hata robo ya ampere. Inatosha kusimamisha moyo.

"Ulipima pasi," akasema polepole. "Hakukuwa muntu anaishika."

"Hakukuwa."

Nilingoja anipige. Nilitamani anipige. Alisimama tu, akavaa kofia yake, akashuka ufukweni kutayarisha pirogi, mtumbwi wake wa uvuvi.

"Panda," akaniambia. "Twende Kabimba."

Mjane tulimkuta uani kwa kaka yake, akipepeta unga wa muhogo. Mvuvi alipiga magoti, akamwomba radhi kwa ajili ya ukoo wake wote. Mjane alimwekea mkono kichwani, wote wawili wakalia.

"Pole ya bibi yako, mutoto wangu," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema kwamba nilijua siku ileile niliyopima mara ya pili. Angeamini.

"Siku ya kwanza," nikasema. "Nilipoona mukono."

Alinitazama. "Mimi walinirushia mawe siku ya pili."

Aliuchukua ungo, akaendelea na unga wake.

Tulirudi Kalemie kwa pirogi ileile. Mwezi haukupita, mvuvi akahamia kwao kaskazini. Mjane hakurudi Kalemie hata kuchukua vyombo vyake, na hakuna aliyethubutu kuufunga ule mlango. Upepo wa ziwa ukaanza kuupigapiga. Mchana, nikiwa nimekaa nasahihisha madaftari, niliusikia, nikajiambia ni upepo. Hata hivyo, kila mara niliweka kalamu chini, nikaenda kutazama.